Kipande cha Kati cha Joho la Binti Mfalme

Kwanza mwandiko. Kijana anayenipigia chapa daftari hili ameniambia kwa adabu kwamba herufi zangu zinalaliana, na kwamba neno moja nimeliandika kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Namwomba radhi yeye, nanyi pia kama kuna makosa yaliyompita. Shule yangu iliishia darasa la sita, na tangu hapo mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Naandika kama ninavyoshona: mishono michache, nasimama, natazama, nafumua. Sura hii nimeifumua mara nyingi kuliko zote, na ningeendelea kuifumua kama si khitma ya Bi Saada, iliyosomwa mwezi uliopita katika ukumbi mmoja hapa Walthamstow, London. Nilikaa nyuma kabisa, Mkristo peke yangu kati ya wanawake wa Unguja na Pemba, kanga kichwani, nikawasikia wakimtaja kwa mema yake. Mmoja akasema, "Bi Saada alikuwa na mkono, basi tu macho yalimwangusha." Wenzake wakaitikia. Mimi niliangalia sahani yangu ya pilau. Kwa zaidi ya miaka ishirini watu wamekuwa wakisema hivyo, na neno hilo lilianza kwangu, ingawa sikulitamka.

Habari za kwetu Uvira, Kongo, na za safari yangu sitaziweka hapa. Inatosha mjue kwamba nilikuwa na miaka ishirini, kwamba nilikuwa nasubiri barua ya Home Office ya kuniruhusu kubaki nchini, na kwamba nilikuwa na haya kiasi cha kupitishwa kituo changu na basi kwa kuogopa kubonyeza kengele mbele ya watu. Kazi nilipata kwa Bwana Dinesh, mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa akiishi Harrow, mwenye chumba cha kushonea juu ya duka la vitambaa vya pazia, karibu na soko la Walthamstow. Alishona nguo za michezo ya jukwaani na za maonyesho. Chumba hicho nakijua hadi leo kuliko nyumba yoyote niliyolala: meza ndefu ya kukatia, marobota ya pazia yaliyosimamishwa ukutani kama watu kwenye foleni, hita ya umeme ambayo waya mmoja tu ulikuwa unawaka, na taa moja ya manjano iliyofanya kila rangi ionekane ya chai. Kupitia dirishani tulisikia wauza matunda wakiita bei za ndizi. Saa sita Bwana Dinesh alifungua vyombo vya chakula alivyopangiwa na mkewe, chapati na achari, Bi Saada, mdarizi wa chumba, akafungua mkate wake wa ufuta na maharage ya nazi, na mimi nikageukia ukuta nile sombe yangu nisionekane.

"Geuka huku," Bi Saada aliniambia siku ya tatu. "Kwani umeiba? Hicho si kisamvu?"

"Ni sombe, Mama."

"Kisamvu. Lete nionje. Jina lako Furaha, uso wa matanga. Sijui nani alikuchagulia."

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane, mfupi, mwenye mkoba mweusi asiouacha hata akienda chooni. Alijifunza kudarizi Unguja akiwa msichana, na Bwana Dinesh aliwahi kuniambia kwamba katika London nzima hakujua mkono wa pili kama ule. Kiswahili hiki mnachokisoma ni chake. Mimi nilikuja na cha kwetu, naye kila siku alikinyoosha kidogo, kwa utani, kama anayetoa uzi uliotokeza kwenye shingo ya mtu. Hata maneno ninayoyatumia kukiri makosa yangu alinipa yeye.

Mwaka ule Malkia alikuwa anatimiza miaka hamsini kwenye kiti, na kumbi za maonyesho zilitaka kitu cha kifalme cha kuweka kwenye kabati la kioo. Ukumbi mmoja ukamwagiza Bwana Dinesh nakala ya joho la mtoto, lile ambalo binti wa mfalme huvaa siku mzazi wake anapotawazwa. Nilikuwa sijui kwamba watoto nao huvishwa. Nilidhani siku hiyo ni ya mfalme peke yake na watoto huachwa nyumbani na yaya. Bwana Dinesh akabandika ukutani picha ya zamani: msichana wa miaka sita au saba, joho limemfunika kutoka mabegani hadi nyuma ya visigino, ukingo wa manyoya meupe, taji dogo kichwani, na uso wa mtoto aliyeonywa asijikune. Bi Saada aliisogelea hadi pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Maskini," akasema. "Wamemvika zulia."

"Zulia hilo, Mama, ndilo wataliona watu wote," alisema Bwana Dinesh. "Mimi nataka wakiliona waulize nani ameshona."

"Wakiuliza utawaambia ni wewe."

"Nitawaambia Saada wa Unguja. Kwa nini niseme uongo?"

Bi Saada aliinama juu ya mashine kama hakusikia, lakini siku hiyo nzima alikuwa akiimba kwa sauti ya chini.

Joho lilikuwa la mahameli ya zambarau. Kitambaa chenyewe kilikuwa na upana mdogo, kwa hiyo lilihitaji vipande vitatu: viwili vya pembeni vinavyopanuka kuelekea chini, na cha kati kilichonyooka kama taulo, juu na chini upana mmoja. Kabla ya mkasi kugusa chochote, Bi Saada alinishika kiganja akakilaza juu ya mahameli.

"Pitisha. Ukishuka hivi?"

"Iko laini, Mama."

"Na ukipanda?"

"Inakataa."

"Hizo ni nywele zake. Mfalme anavaa ile ambayo mkono ukipanda ni laini na ukishuka inakataa. Nywele zikitazama juu, rangi inakunywa taa, inakuwa nzito. Zikitazama chini, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Vipande vyote vitazame upande mmoja. Kimoja kikienda kinyume, mtu wa mbali ataona nguo mbili."

Kisha akanionyesha desturi yake. Kila kipande alichokata alikitia uzi mweupe, mishono mitatu tu, kwenye ukingo wa juu, akakiita kichwa cha kitambaa. Baada ya hapo hakuna haja ya kubahatisha: uzi uko wapi, juu ni wapi. Vipande havikunjwi, vinatundikwa kwa vibanio, kichwa juu. Aliniambia alifundishwa hivyo na mwanamke aliyeshona gizani zaidi kuliko alivyoshona mchana. Sikujua wakati ule kwamba naye alikuwa anaingia gizani. Alinitobolea siri wiki ya pili. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, la kushoto lilikuwa linafuata. Hospitali walimweka kwenye orodha ya kusubiri upasuaji. Alikuwa anadarizi kwa vidole, na vidole vilimtosha, ila tundu la sindano halikuonekana tena.

"Dinesh asijue," akasema. "Akijua atanionea huruma, na mtu akikuonea huruma hakupi kazi ya zari, ya nyuzi za dhahabu."

Basi kila asubuhi, kabla Bwana Dinesh hajapanda ngazi, nilimtungia sindano ishirini na kuzichomeka kwenye kimto chake chekundu cha sindano. Alizitumia moja moja hadi jioni. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nawaambia hili mapema ili nitakayoyasema msiyasome kama kosa la mtoto aliyevunja kikombe.

Ilikuwa alasiri ya baridi. Bi Saada alikuwa anasali nyuma ya marobota, mahali alipozoea kutandika mswala wake. Vipande vitatu vilitundikwa mbele ya kioo kirefu. Koti langu lilitoka kwenye fungu la nguo za msaada kanisani, mikono mifupi, zipu mbovu. Nilikitazama kile kipande cha kati, nikakiondoa kwenye vibanio, nikakiweka mabegani mwangu. Nikainua kidevu kama yule msichana wa pichani. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Nakumbuka uzito wake, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nilijiona kwenye kioo bila kutaka kuondoka. Kisha nikasikia kikohozi cha Bwana Dinesh kwenye ngazi. Nikakivuta kipande, uzi mweupe ukanasa kwenye zipu ya koti, ukatoka wote. Nikakitundika kwa ncha iliyonijia mkononi. Bwana Dinesh akachungulia, akachukua kitabu chake cha oda, akashuka.

Uzi ulikuwa sakafuni. Nyuma ya marobota Bi Saada alikuwa anatoa salamu, kulia, kushoto. Nilichukua sindano nikatia mishono mitatu kwenye ukingo uliokuwa juu. Sikupitisha mkono. Kosa langu la kwanza ni hilo. Nilijua la kufanya, lingechukua pumzi moja, na sikulifanya, kwa sababu alikuwa anakunja mswala na mimi sikutaka kuulizwa kwa nini nimegusa.

Kesho yake vidole vyake vitatu vilikuwa na plasta, kwa kuwa alikuwa amemaliza taji la zari kwenye kazi nyingine, na uzi ule hukata ngozi. Hakupapasa. Alitafuta uzi mweupe kwa ukucha, akaupata, akaamini. Kufika saa sita alikuwa ameshaunga kipande cha kati na cha kulia kwa mkono, mshono mdogo kama mchanga. Akaniambia nishike kitambaa apumzike. Kiganja changu kikashuka juu ya maungio. Upande mmoja ulikataa. Upande wa pili ulikuwa laini.

Nilijua palepale. Mshono mmoja wa kufumua, nusu siku ya kazi, na kuchekwa kidogo. Nikafungua mdomo.

"Nini?" akasema Bi Saada.

"Mama, nikuletee chai?"

"Lete. Na usiijaze sukari kama ya jana, mimi si harusi."

Nilishuka kwenye birika nikalia, kisha nikapanda na chai. Nilijiambia nitasema baada ya chai. Baada ya chai alianza kuunga upande wa kushoto. Nikajiambia nitasema kesho asubuhi, wakati wa kutunga sindano, tukiwa wawili. Kesho yake alikuja na maandazi aliyonipikia, yamefungwa kwenye kitambaa, bado ya moto. Halafu joho likalazwa kwenye fremu ya kudarizi, likafunikwa shuka nyeupe nywele zisichafuke, likaachwa wazi pindo tu, naye akaanza kuweka masuke ya ngano ya zari kuzunguka pindo lote. Ilimchukua wiki sita. Kila siku dhahabu iliongezeka juu ya kosa langu, na kila siku kusema kulikuwa kugumu kuliko jana. Nilikuwa na wazo la kipumbavu kwamba kosa lolote la kazini huandikwa mahali na kupelekwa kwa wale niliokuwa nasubiri barua yao. Lakini sitaki kujificha nyuma ya barua. Hata bila barua nisingesema. Nilizoea kunyamaza, na watu walinisifu kwa hilo. "Huyu binti mpole," walisema kanisani.

Kuna alasiri moja katika zile wiki sita ambayo sijaielewa hadi leo. Plasta zilikuwa zimeshatoka vidoleni. Bi Saada alikuwa anatafuta mkasi wake mdogo, akaingiza mkono chini ya shuka, juu ya mahameli. Mkono ukasimama. Ukaenda juu, ukarudi chini, taratibu. Ukahamia upande. Nilikuwa nimekaa ng'ambo ya fremu. Akainua uso kuelekea kwangu, kwa yale macho yaliyoona ukungu tu.

"Mwanangu," akasema, "dirisha liko wazi?"

"Hapana, Mama."

"Nimehisi baridi."

Akatoa mkono, akaendelea na suke lake. Sikumsikia akiimba tena siku ile.

Joho lilipokamilika, mwanamke wa ukumbi wa maonyesho alikuja na msaidizi wake na taa mbili kubwa za kupigia picha. Tulilivika kwenye sanamu ya mtoto isiyo na kichwa. Manyoya meupe shingoni, masuke ya dhahabu chini, kila kitu mahali pake. Wakawasha taa. Vipande viwili vya pembeni vikatokea zambarau nzito, karibu nyeusi. Katikati, kutoka shingoni hadi sakafuni, ulishuka mstari mpana uking'aa kama njia iliyomwagiwa maji. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mgeni akauliza kwa upole kama ndivyo lilivyokusudiwa. Bwana Dinesh akatugeukia.

"Nani alipanga vipande?" akatuuliza sisi.

Bi Saada akasogea mbele, akaweka kiganja katikati ya joho, akapanda, akashuka. Kisha akavua kastabini yake kidoleni, polepole, kama mtu anayevua pete.

"Ni mimi, Dinesh. Sioni. Tangu mwaka jana sioni hata tundu la sindano. Nilikuficha."

"Na Furaha? Furaha alikuwa na wewe wakati wote, yeye hakuona?"

"Furaha ananitungia uzi tu. Vipande ni vyangu."

Bwana Dinesh alikaa juu ya kiti cha mashine. Hakupandisha sauti. Alimwambia aende hospitali, macho yatengenezwe, kiti chake kitamsubiri hata mwaka mzima. Alisema kweli, namjua. Bi Saada akatikisa kichwa.

"Macho yatapasuliwa, yatapona. Mkono je? Macho niliacha kuyaamini zamani. Mkono ndio niliokuwa nauamini."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Alichukua kimto chake na sindano zote ishirini, maana siku ile alikuwa hajatumia hata moja, akakitia kwenye mkoba mweusi. Akavaa koti, akafunga ushungi. Aliponipita alinigusa mkono wa koti.

"Fumua taratibu," akasema. "Zari isikatike."

Nilifumua kwa siku nne. Nilikigeuza kipande cha kati, nikaunga upya, nikarudisha masuke yake ya dhahabu moja moja kwa mpangilio uleule, na matundu ya zamani yakafichwa na manyoya ya shingoni. Bwana Dinesh alitazama, akasema nimejifunza. Joho likaenda kwenye kabati la kioo. Nilikwenda kuliona mara moja, nikasimama nyuma ya watoto wa shule waliobandika pua kwenye kioo wakibishana kama lina joto. Bwana Dinesh alitimiza neno lake: kwenye kibao kidogo palikuwa na jina la Saada. Yeye, nilivyosikia, hakwenda kulitazama.

Kiti chake nikapewa mimi. Nilimtembelea mara moja tu, na mfuko wa machungwa. Macho yalikuwa yameshapasuliwa, alinisoma uso kwa mara ya kwanza, akasema nilikuwa mzuri kuliko alivyodhani. Alinipa mkate wa kumimina na chai ya tangawizi. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu njiani kama sala. Akauliza, "Kiti changu kinakukaa?" Nikasema, "Ndiyo, Mama, aksanti." Akasema, "Vizuri," akaniongezea chai. Maneno niliyojifunza nikarudi nayo. Tangu siku hiyo nikimwona sokoni nilikata kona kwenye kibanda cha mayai. Miaka yote hiyo, mtaa mmoja, na mimi nakata kona. Bwana Dinesh alipostaafu aliniachia chumba. Leo wasichana wawili wananiita Mama katika chumba hichohicho, na nawafundisha uzi mweupe kichwani mwa kitambaa, na kila nikiufundisha sauti yangu hubadilika, wao hudhani ni mafua.

Baada ya khitma, watu wakiwa wanafunga chakula cha kubeba, alinijia Rahma, binti yake. Nilimjua akiwa msichana wa sare ya shule. Anaelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza. Aliniambia kwamba mama yake, tangu siku aliyotoka kazini, hakushika sindano tena, hata kumkunjia sketi ya shule alikataa, akimwambia mkono wake hauaminiki. Kisha, bila kujua alichokuwa akifanya, akaniambia jambo la pili. Kila mtu alipomuuliza mama yake kama kuna mtu London mwenye mkono kama wake, alijibu kwamba yuko mmoja tu, aliyemwacha juu ya duka la pazia, ila ni mwoga, na woga humtoka mtu akipewa muda.

Akanipa mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na kimto chekundu. Rangi imepauka, lakini sindano ziko zote ishirini, zimeota kutu, na kila moja ina uzi nilioutunga mimi asubuhi ile. Nilikishika mbele ya Rahma, mdomo wazi. Mnajua nilichosema? Nilimuuliza kama amekunywa chai.

Kwa hiyo naandika. Rahma, mahameli niliigeuza mimi, uzi mweupe niliutia mimi, na nilijua zaidi ya siku arobaini kabla ya taa kuwashwa. Mkono wa mama yako haukuwahi kukosea. Ningeweza kumwambia kwa pumzi moja, nikamwacha aishi akiutilia shaka. Ama hakujua, na alikufa akiamini mkono wake ulimsaliti. Ama alijua tangu ile alasiri aliyoniuliza habari za dirisha, na akakaa miaka yote akinisubiri niseme. Sijui lipi ni zito zaidi, na mwenye jibu hayupo. Lakini alikuwa na majirani, alikuwa na mashoga wa kupiga nao soga, alikuwa na watu wa msikitini. Kama wewe unayesoma ulikaa naye, na siku moja akakutajia joho la mtoto wa mfalme, au kipande cha kati, au msichana wa Kongo, nakuomba uniandikie alisema nini. Anwani ya waliochapa iko mwanzoni mwa kitabu, barua zitanifikia. Usijali mwandiko. Andika hata kama jibu ni baya. Nitakusoma polepole, na safari hii nitajibu.